Nyumba ya mshairi ikihifadhiwa, hasa kinahifadhiwa nini?

Kuna swali haliishi hapa kwetu Uganda. Linaamka kila jengo la zamani la Kampala linapozungushiwa mabati, manake wote tunajua mabati yakishazunguka kinachofuata ni greda, na hapo watu wanaanza kulaumiana kwenye teksi, kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka kwenye kahawa za jioni Bombo na Old Kampala. Wenzetu wanatunza nyumba za washairi wao, nyumba ya mshairi wetu Okot p'Bitek iko wapi? Mmoja atasema serikali iichukue ifanye makumbusho. Mwingine atajibu nyumba gani hiyo, kwao si zilikuwa za udongo na nyasi, utahifadhi nini. Wa tatu analeta UNESCO, wa nne anasema hizo ni starehe za wazungu wenye pesa, na mjadala unakufa hapo bila mtu kuelewa mwenzake alikuwa anaongelea nini.

Nataka tulifungue hili fundo pole pole, kwa sababu naona watu wengi wana nia nzuri kabisa ila wanadai kitu kimoja wakidhani wamedai vinne.

Vitu vyenyewe ni hivi. Kuna kuorodhesha, yaani ofisi ya umma inaandika kwenye daftari lake kwamba hili jengo lina thamani ya kihistoria, lisibomolewe wala kubadilishwa ovyo bila ruhusa. Kuna umiliki, yaani jina la nani liko kwenye hati ya ardhi, au kama hakuna hati, ukoo gani unajulikana kuwa ndio wenye ile ardhi. Kuna matumizi, yaani nani anaingia mle ndani siku za kawaida na anafanya nini. Halafu kuna gharama, yaani paa likivuja fundi analipwa na nani. Kila kimoja kinaweza kuwepo bila vingine, na hapa ndipo watu wanapotea.

Chukua boda. Ukishaisajili ikapata namba pleti inajulikana, polisi wanaitambua, mtu hawezi kuamka asubuhi akasema ni yake. Lakini namba pleti haitii petroli kwenye tanki na haimtafutii mwenye boda abiria. Kuorodhesha nyumba ni kupata namba pleti, basi. Muhimu sana, ila safari bado.

Mshairi aliyefika Makerere na nyumba yake ya Harlem

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko yote ninayoyajua uko mbali, New York, lakini mwenye nyumba aliwahi kukanyaga hapa kwetu. Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Wamarekani Weusi, alikuja Makerere Juni 1962 kwenye ule mkutano wa waandishi wa Afrika ambao walikuwepo akina Chinua Achebe, Wole Soyinka, na kijana mwanafunzi wa palepale Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Uganda yenyewe ilikuwa imebakiza miezi minne kupata uhuru. Hughes alikuwa tayari mzee wa kazi, vijana wale walikuwa wamemsoma, na mimi huwa nafurahi sana nikifikiria kwamba alitembea kwenye kile kilima.

Wakati huo nyumbani kwake palikuwa namba 20, East 127th Street, mtaa wa Harlem. Ni nyumba ya ghorofa yenye uso wa mawe ya kahawia, imejengwa 1869, imebanwa na jirani kulia na kushoto kama zilivyo nyumba za mitaa ile. Hughes alihamia pale mwishoni mwa miaka ya 1940 akiwa ameshapita miaka arobaini, baada ya maisha ya kuhamahama na vyumba vya kupanga, na hakuinunua peke yake, aliinunua pamoja na marafiki wa familia, Emerson Harper na mkewe Toy, ambaye Hughes alikuwa anamwita shangazi. Yeye alikaa ghorofa ya juu. Alikuwa mtu wa kuandika usiku na kulala asubuhi. Aliishi pale mpaka alipofariki Mei 1967.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 1981 jiji la New York liliiorodhesha nyumba hiyo kuwa jengo la kihistoria, na mwaka 1982 ikaingia kwenye orodha ya taifa ya Marekani. Ukimwambia mtu wa hapa hivyo atakwambia unaona, wenzetu! Atajua ni makumbusho, kuna tiketi mlangoni, kuna kitanda cha mshairi na taipureta yake na mlinzi wa kukukataza kugusa. Hakuna. Nyumba ilibaki mali ya mtu binafsi, na kwa miaka mingi baadaye ilikaa tupu, rangi inabanduka, majirani wanapita tu. Iliwahi kuwekwa sokoni kwa bei ya karibu dola milioni moja na mnunuzi hakupatikana. Mwaka 2016 mwandishi Renée Watson na wenzake wakaunda kikundi, I, Too Arts Collective, wakachangisha watu mtandaoni zaidi ya dola laki moja, wakaipanga ile nyumba, kuipanga yaani kulipa kodi kama mpangaji yeyote! Wakafanya usiku wa mashairi, mafunzo ya uandishi kwa vijana wa mtaa, watu wakawa wanaingia na kutoka tena. Mwishoni mwa 2019 upangaji wao ukafika mwisho wakatoka.

Kwa hiyo nyumba ambayo imeorodheshwa mara mbili, kwenye jiji lenye pesa kuliko karibu miji yote duniani, ilikaa tupu kwa sababu hakuna aliyejibu maswali mawili ya mwisho, nani anaitumia na nani analipa.

Inakuwaje sheria iruhusu hivyo? Sheria ya jiji lile ilitungwa 1965, baada ya watu kushtuka kuona stesheni kubwa ya treni ya Pennsylvania inabomolewa kuanzia 1963, jengo zuri sana, likaondoka hivihivi. Sheria hiyo inalinda zaidi uso wa nje: mwenye nyumba akitaka kubadilisha madirisha au kubomoa lazima aombe kibali, na hatakiwi kuiacha ianguke. Ndani ni mambo mengine, ndani panahitaji kuorodheshwa peke yake. Sheria haimlazimishi kufungua mlango kwa wageni, haimkatazi kuuza. Na ile orodha ya taifa ndiyo nyepesi zaidi, kwa mtu binafsi anayetumia pesa zake mwenyewe ni heshima tu kwa sehemu kubwa, haimfungi mikono. Hii inajibu ile hofu ya wazee wetu wengi kwamba nyumba ikiandikwa tu kwenye daftari la urithi serikali imeshaichukua. Kuandika na kuchukua ni vitu viwili. Serikali ikitaka kuchukua kuna njia yake na kuna fidia, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Jambo lingine kuhusu Hughes ambalo watu hawalifikirii. Ukimtafuta yeye, pale 127th Street utapata kuta na ngazi. Karatasi zake, barua, rasimu, aliziweka chuo kikuu cha Yale. Majivu yake yamezikwa chini ya sakafu ya Schomburg Center, maktaba ya historia ya watu Weusi iliyo mitaa michache tu kutoka kwake, na watu wanapita juu yake wakienda kwenye shughuli, kuna mchoro mzuri wa mviringo pale sakafuni. Yaani mtu mmoja amehifadhiwa sehemu tatu tofauti na taasisi tofauti, na nyumba ndiyo iliyokuwa na hali mbaya kuliko zote.

Kile kitanda unachokiona

London kuna hadithi yenye mwisho mzuri zaidi. John Keats, aliyekufa na miaka 25 tu, aliishi mtaa wa Hampstead kuanzia mwisho wa 1818 mpaka 1820 kwenye nyumba iliyoitwa Wentworth Place. Hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa anakaa kwa rafiki yake Charles Brown kama mpangaji, muda wenyewe hata miaka miwili haukufika, ila baadhi ya mashairi yake makubwa yalitoka pale, kwenye bustani ile. Karibu miaka mia moja baadaye, 1920, ikaonekana inataka kubomolewa wajenge nyumba za kupangisha. Watu wakachanga, Waingereza na Wamarekani wengi sana, ikanunuliwa, na 1925 ikafunguliwa kwa umma. Mpaka leo iko.

Nimeileta kwa sababu mbili. Ya kwanza, mshairi si lazima awe alimiliki nyumba na si lazima awe aliishi pale maisha yote. Tunabishana hapa nyumba ya kweli ya fulani ni ipi, alikozaliwa au alikofanyia kazi, na kumbe wenzetu wamechagua nyumba ya kupanga ya mwaka mmoja na nusu kwa sababu kazi ilizaliwa pale.

Ya pili ni ile imani kwamba kila kitu ndani ya nyumba ya makumbusho kiliguswa na mwenyewe. Keats alifia Roma Februari 1821 kwa kifua kikuu, kwenye chumba kidogo pembeni ya zile ngazi maarufu za Hispania, na sheria za afya za wakati ule zikaagiza vitu vya chumbani vichomwe. Vikachomwa. Leo chumba kile ni makumbusho, watu wanapanda kimya kimya wanasimama mbele ya kitanda, na kitanda si chake, ni cha aina ya wakati ule. Hakuna udanganyifu hapo, makumbusho mengi yanafanya hivyo na yanasema wazi. Chumba ni kilekile, dari ni ileile aliyoitazama akiwa mgonjwa. Sasa ukimsikia mtu anasema kwetu hakuna cha kuhifadhi kwa sababu viti na vyungu vilishapotea vitani, mwambie hata Roma vilichomwa.

Udongo na nyasi

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu hii ndiyo imani inayotuumiza zaidi.

Watu wanasema nyumba za kwetu haziwezi kuhifadhiwa kwa kuwa ni za udongo. Haya. Mshairi anayependwa kuliko wote Scotland ni Robert Burns, na siku yake ya kuzaliwa, 25 Januari, Waskoti wanaisherehekea popote walipo duniani. Alizaliwa 1759 kijijini Alloway kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, nyumba ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake mwenyewe 1757. Upepo mkali uliwahi kuangusha sehemu ya ukuta siku chache tu baada ya mtoto kuzaliwa, ikabidi mama na mtoto wakimbiziwe kwa jirani. Familia ilipohama nyumba ikauzwa, ikageuka kilabu cha pombe, na ikabaki kilabu kwa miaka mingi mpaka 1881 wadhamini wa kumbukumbu ya Burns walipoinunua. Leo inatunzwa na shirika la urithi la Scotland. Bado ni ya udongo, bado ina nyasi, na ile nyasi wanaibadilisha ikichakaa.

Na kwa nini twende mpaka Scotland? Makaburi ya Kasubi si yako hapa Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya miti, matete na nyasi, ndani yake wamelala makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, Muteesa wa kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa pili. Ilianza kama jumba la Muteesa wa kwanza lililojengwa 1882, ikawa makaburi alipofariki 1884. UNESCO ikaipa hadhi ya urithi wa dunia 2001. Usiku wa 16 Machi 2010 ikaungua yote, wengi wetu tunakumbuka ile asubuhi. Na watu wakasema ndiyo basi, urithi umekwisha.

Haukwisha, na ukielewa kwa nini umeelewa nusu ya mambo ya kuhifadhi. Nyasi ya Kasubi haikuwa ile ya 1882, ilikuwa imebadilishwa mara nyingi. Kilichokuwa kinapita kutoka kizazi mpaka kizazi ni ufundi wa kuezeka, ambao ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na zile pete 52 za dari zinazosimama badala ya koo 52 za Buganda, na miiko ya nani anaingia na nani hapandi juu wakati wa kuezeka. Moto uliunguza jengo, mafundi walikuwa hai. Kazi ya kujenga upya ilichukua miaka mingi, watu walilalamika sana kuhusu kuchelewa na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini Septemba 2023 UNESCO iliitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Nyumba ya mawe ukiiacha miaka mia inakusubiri. Nyumba ya udongo haisubiri, inataka mkono wa mtu kila msimu. Kwa hiyo si kwamba haihifadhiki, inahifadhika kwa kuishi na kurudiwa, na mtu anayejua kuirudia ndiye hazina yenyewe.

Sasa Okot

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini kwa Waacholi, 1931. Alisoma Gulu, akasoma shule ya Budo, akawa mwalimu, akacheza mpira mpaka timu ya taifa, ile iliyokwenda Uingereza 1956 ikacheza na wenyeji, wachezaji wetu wakiwa miguu mitupu, na yeye akabaki huko kusoma: Bristol, Aberystwyth, Oxford. Alirudi, na 1966 shairi lake la Lawino likatoka kwa Kiingereza, Song of Lawino. Mwaka huohuo alichukua uongozi wa kituo cha taifa cha utamaduni pale National Theatre Kampala. Hakudumu, aliwagusa wanasiasa pabaya kwa maneno yake akafukuzwa kazi, akaenda kuishi Kenya miaka mingi, Kisumu na Nairobi, akafundisha pia Nigeria, akarudi Makerere baada ya Amin kuondoka, akafariki 1982.

Nyumba yake ni ipi basi? Gulu alikozaliwa, nyumba za chuo Nairobi, Kampala alikofia? Kwa kipimo cha Keats zote zinaweza kuombewa kibao. Lakini nadhani kuna jibu zuri zaidi, na liko kwenye lile shairi lenyewe. Lawino anamlalamikia mumewe Ocol aliyesoma akaanza kudharau mambo ya kwao, na anamrudia na methali ya Kiacholi, kwamba maboga ya kwenye boma la zamani hayang'olewi. Waacholi walikuwa wanahama, boma likichoka linaachwa, vibanda vinaanguka, ila maboga yanaendelea kuota yenyewe pale na njaa ikija watu wanarudi kuyachuma. Kibanda kinaruhusiwa kuanguka, hakuna anayekililia. Mahali ndipo hapaharibiwi.

Ukiiangalia hivyo, kinachofaa kutunzwa kwenye nyumba ya mshairi wa Kiacholi si kuta nne. Ni uwanja wa boma, mti wa kivuli, makaburi ya wazee, na wang oo, yaani moto wa jioni ambao watu wanauzunguka wakisimuliana hadithi na kuimba. Okot alikulia kwenye nyimbo, mama yake alikuwa mwimbaji. Mashairi yake yalitokea kwenye moto wa namna hiyo kabla hayajafika kwenye karatasi.

Na ndiyo maana vita iliharibu zaidi kuliko watu wanavyohesabu. Kuanzia 1986 kaskazini ilikaa vitani miaka ishirini hivi, na wakati mbaya kuliko wote watu karibu milioni 1.8 walikuwa kwenye kambi, Acholi karibu yote. Mabomu hayakuhitajika kubomoa vijiji, kuondoa watu kulitosha, vibanda vilirudi udongoni vyenyewe. Na kambini moto wa jioni haukuwashwa kama nyumbani, kulikuwa na amri za usiku, na hofu, na msongamano. Kizazi kizima kilikua bila kukaa pale. Mtu akiniambia tutafute kwanza pesa za kujenga upya kibanda cha Okot, namuelewa, ila mimi ningetafuta kwanza wazee wanaokumbuka nyimbo za mtaa ule, kwa sababu hao hawaezekwi upya.

Kuna kitu kinaniuma na nitakisema. Ukitaka kuona nyumba ya mwandishi iliyohifadhiwa vizuri Afrika Mashariki, wengi watakupeleka Nairobi, nyumba ya Karen Blixen, mama wa Kidenishi aliyekuwa na shamba la kahawa. Serikali ya Denmark iliinunua ikawapa Wakenya kama zawadi ya uhuru 1964, na ikaja kufunguliwa kama makumbusho 1986, baada ya ile filamu ya Hollywood kuwafanya watalii waanze kuiulizia. Siipingi, ni sehemu ya historia na inatunzwa vizuri. Lakini angalia kilichoifanya isimame: nyumba ya mawe, mnunuzi wa nje, na filamu. Washairi wetu wengi hawatapata hata kimoja kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo kama tunangoja njia hiyohiyo tutangoja sana.

Ardhi, sheria na nani analipa

Uganda sheria ya kulinda kumbukumbu za kihistoria ipo tangu 1967, na 2023 tukapata sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale. Kazi iko chini ya idara ya makumbusho kwenye wizara ya utalii, wanyamapori na mambo ya kale. Kwa hiyo anayesema hatuna sheria anakosea. Ugumu unakuja chini, kwenye ardhi.

Katiba yetu ya 1995 inasema ardhi ni ya raia, na inatambua namna nne za kuimiliki: ya kimila, ya freehold (umiliki wa kudumu), ya mailo (umiliki wa kudumu wa kule Buganda) na ya lease (kukodi kwa muda). Buganda unaweza kukuta nyumba ya mtu maarufu imejengwa kwenye kibanja, yaani kuta ni za familia yake lakini ardhi ya chini ina mwenye mailo wake, sasa nani anasaini karatasi ya uhifadhi? Acholi ardhi nyingi ni ya kimila, ya ukoo, hati haipo, na baada ya vita watu waliporudi kutoka kambini kesi za mipaka zilikuwa kila mahali. Ukifika pale na gari la serikali au la NGO, umeshika karatasi, unasema mmekuja kuhifadhi nyumba ya marehemu, wanachosikia wazee ni kwamba mmekuja kuchukua ardhi. Siwalaumu hata kidogo. Kazi inaanza kwa kukaa na ukoo, na familia, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kuandika wazi kwamba ardhi inabaki ya nani, wageni wanaruhusiwa kufika wapi, na pesa ikiingia inagawanywa vipi. Bila hiyo karatasi hata mpango mzuri namna gani unaishia kortini.

Pesa sasa. Wengi wanadhani makumbusho yanajilipa kwa tiketi. Nyumba za washairi kwa kawaida hazijilipi, hata za Ulaya zinaishi kwa michango, ruzuku za serikali za mitaa, duka la vitabu, kukodisha ukumbi. Nyumba ya Harlem ilichangiwa, ya Hampstead ilichangiwa. Kwa hiyo mtu asidanganywe na hesabu za watalii watakaokuja kwa mabasi kuona boma la mshairi. Kinachobeba nyumba ni matumizi ya wenyeji: maktaba ndogo ya watoto wa shule, mashindano ya mashairi, mafunzo ya ngoma, mikutano ya kijiji. Sehemu ambayo watoto wanaingia kila Jumamosi haikosi mtu wa kugundua kwamba paa linavuja.

Na UNESCO? Niwajibu haraka. Orodha ya urithi wa dunia ni ya sehemu zenye thamani kwa binadamu wote, nchi ndiyo inayopeleka ombi, na inachukua miaka. Uganda tuna tatu tu, Bwindi na Rwenzori za mwaka 1994 na Kasubi ya 2001. Boma la mshairi mmoja kuingia pale ni vigumu mno na wala halihitaji, daftari la taifa au la wilaya linatosha kabisa. Na msichanganye, UNESCO haiji kununua nyumba wala kuajiri mlinzi.

Kama mtaa wenu una mshairi, awe wa Kiacholi, Kiganda, Kilugbara, au wale wazee wetu wa Bombo waliotunga tenzi za Kiswahili zikaimbwa maulidini bila kuchapwa popote, cha kuanza nacho ni rahisi na hakitaki mfadhili. Rekodini kwa simu waliomjua wakiwa bado wana nguvu, na muwaulize mambo madogo, alikuwa anakaa upande gani wa boma, aliandika saa ngapi, nani alikuwa wa kwanza kusikia shairi jipya. Pigeni picha za kila karatasi yake kabla mchwa hawajafika, muweke nakala sehemu mbili, moja nje ya nyumba. Chukueni alama za GPS za boma na mchore ramani na wazee, huu mti, lile kaburi, pale palikuwa na jiko. Halafu pangeni jioni moja kila mwaka ya kuwasha moto na kusoma, mwaka wa kwanza watakuja watu wachache na hakuna shida. Kibao kinaweza kuja hata mwaka wa tatu, na kile cha Okot ningependa kiandikwe Kiacholi kwanza, kwa sababu ndiyo lugha aliyomtungia Lawino kabla ya kumtafsiri yeye mwenyewe.